Mkungumanga Dume

Tarehe 9 Aprili

Mkwe wangu,

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu, maana tangu uondoke hapa sijakuandikia hata mstari. Hujambo lakini? Na afya? Mimi sijambo kiasi. Magoti ndiyo yananitesa. Nayapaka mafuta ya kungumanga asubuhi na jioni kama ulivyokuwa ukinipaka, ila mkono wangu hauna nguvu ya mkono wako. Mwanangu mzima. Shangazi mzima, na ulimi wake ndio mzima kutushinda sote.

Habari zako nimezipata kwa kondakta wa basi anayebeba mizigo ya huko kitaluni. Kasema unauza miche, unavaa aproni ya kijani, na umenenepa. Nilifurahi kusikia. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii iko mfukoni kwa mwanangu, na hili sitaki alisikie kwanza.

Mikungumanga imegoma. Majani yako vilevile, ya kijani, yanang'aa, ukipita njiani utasema shamba halina shida. Maua inatoa. Kisha yanadondoka yote, hakuna hata moja linalofunga tunda. Msimu uliopita hatukujaza ndoo. Mwaka huu hatujaokota kitu. Mikeka ya kuanikia basibasi nyekundu za kungumanga nimeikunja nikaisimamisha ukutani, sasa kuku wanatagia nyuma yake. Tumeweka samadi, tumemwagilia, mwanangu kanyunyiza dawa mpaka vidudu vyote vimehama, wabaya kwa wazuri. Unajua mimi sina kingine. Tangu baba mkwe wako afariki, miti ile ndiyo mume wangu.

Shangazi anasema umelifunga shamba. Anasema mwanamke hakai miaka yote ile kwenye nyumba halafu atoke hivihivi bila kuacha kitu nyuma. Mimi sisemi hivyo. Nakuuliza tu, mama na mwanawe: kuna kitu ulizika? Kama kipo, nielekeze mahali, tutakichimbua taratibu na hakuna atakayekulaumu.

Ni mimi,
Mama yako

Tarehe 2 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama katikati ya miche, halafu nikatafuta pa kukaa nikaisoma tena. Mimi ni mzima. Pole kwa magoti. Ukipaka mafuta, funga kitambaa cha joto juu yake, usiache wazi.

Umeuliza kama nilizika kitu. Ndiyo, Mama. Nilizika kitu kimoja kwenye uwanja wako, na ulinipa wewe kwa mkono wako.

Sidhani umesahau. Siku niliyoletwa hapo, kabla sijavua viatu, ulinipeleka ghalani ukamwaga kungumanga mkekani, ukanifundisha kuzitikisa sikioni moja moja. Inayogonga ndani ya ganda imekauka, haioti tena. Isiyogonga ndiyo hai. Nikaipata yangu, tukaipanda nyuma ya jiko, ukaifunika na jani la mgomba isipigwe na jua. Ukasema kila bibi wa nyumba hii alipanda wake, wewe ulipanda, mama mkwe wako alipanda, na siku mti wangu utakapozaa ndiyo siku nitakayopewa ufunguo wa ghala. Nilikuwa naumwagilia mti ule kabla sijanywa chai.

Ulipotoa maua, yalitoka kwa vishada. Hayakufunga tunda. Shangazi akawa akipita anaunyooshea kidole mti, kisha ananitazama tumbo, halafu anaingia jikoni kuomba chumvi. Mimi nilijua mti ule ni dume. Na wewe ulijua, kwa sababu ni wewe uliyenieleza kwamba katika mikungumanga kuna madume na majike, kwamba mbegu haikwambii ni ipi mpaka ichanue, na kwamba jike bila dume ni kivuli tu.

Sasa sikiliza. Dume lenu la zamani liling'olewa na upepo kabla sijaja. Mlikuwa mnaishi kwa dume la jirani, lile la kwenye uzio. Jirani alilikata alipojenga vyumba vya wapangaji. Nyinyi mkaendelea kuokota, mkadhani mambo ni yaleyale. Lililokuwa likiwazalishia majike yenu yote lilikuwa moja, nyuma ya jiko. Nilimwambia mwanao. Akaniambia niache kuutetea mti kwa sababu unafanana na mimi.

Siku mliponitoa, sikuwa nimefika barabarani nikasikia shoka. Sanduku lilikuwa kichwani, sikuweza kugeuka vizuri. Lakini nilijua ni mti gani, maana bibi akitolewa kwenu mti wake hukatwa.

Kwa hiyo mwambie Shangazi amesema kweli. Shamba limefungwa. Aliyelifunga alikuwa na shoka mkononi, na bila shaka mlimpa maji ya kunywa alipomaliza.

Aliyekuwa mkweo

Tarehe 20 Juni

Mkwe wangu,

Nimekuandikia "mkwe" na sitaifuta, hata ukikasirika. U mzima? Mimi nipo, nashukuru. Kitambaa cha joto kimesaidia.

Nilikwenda kwa jirani kuuliza. Ni kama ulivyosema, lile dume lake lilikatwa siku nyingi, pale sasa kuna bomba na kamba za nguo za wapangaji. Nilirudi nikakaa jikoni mlango wazi, natazama mahali pa mti wako. Hata kisiki hakipo. Walikichoma ili kisichipue. Mimi nimezeeka na miti hii, nimeichuma tangu mgongo wangu haujui kuinama, na nikasimama pale nikaangalia unakatwa. Sijui macho yangu yalikuwa wapi siku ile. Nilikuwa na hasira ya kukosa mjukuu, na hasira ile ilinitia upofu.

Shangazi sijamwambia. Nimemwambia ni hali ya hewa. Unamjua, angegeuza maneno mpaka mimi ndiye niliyeshika shoka.

Sijui kama ulisikia mwanangu alioa tena, haikuchukua muda baada yako. Binti mwenyewe mpole, haongei, tunamwita Kimya. Anafagia uwanja mpaka unaona haya kuukanyaga. Naye amepanda mbegu yake, palepale nyuma ya jiko. Ila tumbo bado. Shangazi ameshaanza kuingia jikoni kuomba chumvi. Mwanangu anakula, anatoka, harudi mpaka watu wamelala.

Nikuombe kitu ambacho sistahili kuomba. Huko kitaluni hakuna dume? Nikipanda mbegu nitasubiri mpaka nife, na huenda ikawa jike tu.

Mama yako

Tarehe 11 Julai

Mama,

Shikamoo, na asante kwa kwenda kwa jirani. Hilo sikulitegemea.

Dume lipo. Hapa hatusubiri mbegu itwambie. Tunachukua kijiti kutoka kwenye dume linalojulikana, tunakibebesha kwenye mche mchanga, vinashikana, na unapata dume la hakika. Linatoa maua mapema, si kama la mbegu. Kazi hiyo naifanya mimi mwenyewe. Katika miche ninayobebesha, mingi hushika.

Lakini kuna habari sijakupa. Nimeolewa. Mume wangu ni dereva wa lori la maji linalokuja hapa kitaluni, mtu wa utani mwingi na soksi zilizotoboka. Na nimejifungua. Mtoto ana afya, ananyonya kama analipwa.

Nakuomba usome hapo tena, taratibu.

Nilikunywa mizizi yako yote, Mama. Nilikunywa maji ya majani, nikalambishwa kungumanga ya kusaga mpaka nikalewa nikaanguka chooni, ukasema dawa inafanya kazi. Nilipomwomba mwanao twende wote hospitali tukapimwe, ulisema mwanamume hapelekwi kupimwa kwa jambo la mwanamke. Nikaenda peke yangu. Wakaniambia sina tatizo, nimlete mwenzangu. Nilikuja nikakwambia wewe, si mtu mwingine, tukiwa tunachambua basibasi. Ukaniambia nisilitamke tena hilo neno.

Sasa yupo Kimya, na Shangazi anaomba chumvi.

Sitaki uniombe radhi, mimi nimeshatoka. Ninachotaka ni hiki. Uwakalishe sebuleni, mchana kweupe, Shangazi akiwepo, mwanao akiwepo, na Kimya asitumwe dukani. Useme: "Yule hakuwa na tatizo, na huyu hana tatizo." Hayo tu. Ukishasema, dume utalipata, bure.

Mimi niliyekuwa mkweo

Tarehe 3 Septemba

Mwanangu,

Hongera, hongera, hongera. Barua niliisoma nimekaa kwenye kigoda jikoni, nikalia, Kimya akadhani ni moshi akaja kupepea. Mungu akukuzie. Kwa kweli nilifurahi, na papo hapo kitu kikanichoma hapa kifuani, sitakuficha. Mtoto yule angeweza kuwa anatambaa kwenye mikeka yangu.

Maneno yako yote ni kweli.

Nitasema. Nakuapia kwa kaburi la baba mkwe wako, nitawakalisha na nitasema. Ila niache nichague siku, maana mwanangu siku hizi ni mtu wa kushikwa kwa mikono miwili, ukikosea neno anavunja sahani. Na mvua za kupandia ndizo hizi zinakaribia. Wewe ni mtu wa miche, unajua kuliko mimi kwamba mche ukija kiangazi utakaukia mikononi mwangu. Tuma miche kwanza. Nitasema wakati shimo liko wazi.

Mtoto mbusu mashavu yote mawili.

Mama yako

Tarehe 25 Septemba

Mama,

Shikamoo. Tuko wazima, mtoto yuko mgongoni amelala wakati naandika, mate yanateremka shingoni mwangu.

Nilitaka kukataa. Mume wangu naye akasema nikatae, akasema mtu anayelipa baada ya kula huwa anakumbuka ameacha pochi nyumbani. Lakini nikawaza mikeka imesimama ukutani, nikawaza majike yale niliyoyaokotea matunda chini yake mpaka kucha zikawa nyekundu, nikashindwa. Miti ile haikunikosea.

Nimempa kondakta miche miwili, ili mmoja ukifa usibaki mikono mitupu. Nimeifunga mizizi na udongo wake, usiupukutishe. Panda mmoja katikati ya shamba, mwingine upande upepo unakotokea. Shimo liwe pana, chini weka samadi iliyokwisha kuoza, ile mbichi itaunguza mizizi. Uwekee kivuli cha migomba, punguza kivuli kidogo kidogo kadiri unavyokua. Chini tandaza majani makavu. Udongo uwe na unyevu muda wote lakini maji yasisimame. Pale palipobebeshwa utaona kovu, usilifukie. Kikichipua kitu chini ya kovu, kikate, hicho si dume, ni mche uliolibeba.

Nakuamini, Mama. Sijui kwa nini. Huenda kwa sababu siku nilipougua ulinilisha kwa kijiko, na mtu hawezi kusahau kijiko.

Kimya mpe salamu. Mwambie zinatoka kwa dada yake.

Mkweo

Tarehe 14 Machi

Mama,

Shikamoo. Kondakta ananiambia miche ilifika vizuri na umeshaipanda, na yote miwili imeshika. Nimefurahi. Sisi hatujambo, mtoto ameota meno.

Lile la sebuleni hujanieleza lilikwendaje. Nasubiri barua yako.

Mkweo

Tarehe 6 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Usinihesabie muda. Najua mvua zimekuja zikaenda, miaka mitatu sasa, na mimi sikuandika. Barua yako ya meno ya mtoto ninayo, nimeikunja kwenye kanga zangu. Mko wazima? Bila shaka sasa mtoto anakimbia na kuvunja vyombo. Mimi nipo, magoti ni yaleyale, lakini moyo umetulia.

Maana madume yako yamechanua. Yote mawili, vishada kwa vishada, maua ya njano madogo madogo, ukisogea unasikia harufu. Nilikwenda kila asubuhi kuangalia majike, nashika tawi, naachia. Halafu siku moja nikaona. Vitunda, vidogo kama ncha ya kidole, vimeshikilia. Nilikaa chini pale pale. Sasa vingine vimeshakuwa vikubwa, vingine vimepasuka na basibasi nyekundu inaonekana ndani. Mikeka nimeitandaza. Nimefukuza kuku. Wanunuzi wameanza kusimama mlangoni tena, na wananiita bibi, si mama fulani. Yote haya ni mkono wako, na kila anayeuliza namwambia, miche hii nimeletewa na mwanangu.

Sasa lile jingine. Kimya hayupo tena. Tumemrudisha kwao baada ya mavuno ya kwanza.

Usikasirike kabla hujasoma. Niliwakalisha kama ulivyotaka. Shangazi alikuwepo, Kimya alikuwepo, amekaa karibu na mlango na mikono mapajani. Nikafungua mdomo. Mwanangu akanyanyua uso akanitazama, na nikamwona kama alivyokuwa mdogo, alipokuwa akinijia amejikata na hataki nione damu. Alijua ninataka kusema nini. Kama ningelisema, asingeinua uso tena mbele ya watu wa hapa. Nikauliza nani anataka chai.

Nielewe, mwanangu. Mke atapatikana. Mwana ninaye mmoja.

Shangazi alitaka na mti wa Kimya ukatwe siku ileile, kama desturi. Hapo nilisimama. Shoka lilikuwa limeshatolewa, nikaenda nikauegemea mti kwa mgongo, nikasema huu haukatwi, haujachanua, hatujui ni dume au jike, atakayeugusa atanikata mimi kwanza. Shangazi alinuna mpaka jioni. Mwanangu akarudisha shoka ndani. Ungekuwepo ungenionea fahari. Nimejifunza kwako.

Nina maombi mawili. La kwanza, ukibahatika kupata miche mingine, safari hii majike yaliyobebeshwa, nataka kuongeza upande wa bondeni. La pili, huko kitaluni unaona wasichana wengi. Akitokea mwenye adabu na asiyeogopa kazi, nifahamishe. Nyumba hii haifai kukaa bila bibi.

Mtoto mbusu. Nimemkatia kipande cha kanga yangu, nitampa kondakta.

Mama yako daima

Tarehe 19 Desemba

Mama,

Shikamoo. Hiyo nitakupa daima, ni haki ya umri wako.

Nimefurahi kwa ajili ya miti. Matunda yakipasuka yaokotwe siku hiyohiyo, yakilala kwenye unyevu basibasi inaota ukungu. Hilo unalijua. Miche ya kike ipo hapa kitaluni na inauzwa kwa kila mtu. Atakayekuja aulize ofisini, si lazima aniulize mimi.

Kwa hiyo sauti unayo, Mama. Miaka yote nilidhani huna. Nilikuwa nikikuonea huruma, najiambia maskini mama wa watu, Shangazi amemkalia kichwani, angekuwa na uwezo angenisemea. Sasa naambiwa uliegemea shina kwa mgongo ukamwambia mwenye shoka akukate wewe kwanza. Na Kimya alikuwa wapi wakati huo? Nadhani alikuwa anafunga sanduku, akikusikia kupitia dirisha la jiko. Labda kwa kitambo alidhani unamtetea yeye.

Kipande cha kanga kimefika. Nimekirudisha kwa kondakta.

Unasema nielewe kwamba mwana unaye mmoja. Nakuelewa. Nimekaa na neno hilo tangu barua ifike, na sina ubishi nalo, kwa sababu mimi pia ninaye mmoja. Katika barua zako zote umenitakia heri, umembusu mashavu, umemkatia kanga, na hujauliza hata mara moja ni wa kiume au wa kike.

Ni wa kike. Siku moja atafika mlangoni kwa mama wa mtu, kama nilivyofika kwako, hata viatu hajavua. Ndiyo maana hii ni barua yangu ya mwisho kwako.

Mama wa binti